Kalemie: Rafiki aliyebaki ndiye anayeambiwa «niambie ukweli»

KALEMIE – Audio inaanza kwa salamu, na salamu hazina haraka. Anayezungumza anauliza kazi, watoto, bibi, baridi ya huko. Dakika mbili zinapita kabla hajagusa habari zenyewe: mtoto wa yaya amepita mtihani wa taifa na mtaa mzima umemmwagia poda kichwani, ndagala zimepanda bei, papa mzee anatembea sasa na fimbo. Kisha anaachilia kidole, na sauti inaondoka kando ya ziwa Tanganyika kwenda kwa rafiki ambaye pengine hawajaonana kwa miaka ishirini.

Wengi wa marafiki hao walianza safari kwa kuvuka maji. Vita vya 1996 viliwasukuma watu wa kando ya ziwa hadi Kigoma, ng'ambo ya pili, na mwaka huohuo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika wilaya ya Kasulu, nchini Tanzania. Waliozaliwa kambini ni watu wazima leo. Wengine waliondoka hapo kwa ndege kwenda Kanada, Australia, na zaidi Marekani, ambayo katika mwaka wake wa bajeti wa 2016 ilipokea wakimbizi zaidi ya 16 000 kutoka Kongo, kuliko kutoka nchi nyingine yoyote. Mtu aliyepanda mtumbwi akiwa kijana amekwisha kuona kambi, viwanja vya ndege na theluji. Mahali asipopaona ni nyumbani.

Hapo ndipo rafiki aliyebaki Kalemie anapopata kazi ambayo hakuiomba.

Familia ina habari zake za kutuma, lakini mara nyingi huzisafisha kwanza. «Tuko salama, Mungu anasaidia.» Sababu si uongo. Mzazi hataki mtoto akose usingizi huko mbali. Tena kuna aibu ya pesa: siku hizi habari yoyote mbaya ya nyumbani inasikika kama ombi. Ukisema paa limeruka, umeomba mabati. Ukisema mama amelazwa, umeomba pesa za hospitali, na kwa kuwa pesa zinaweza kuingia kwenye simu siku ileile, anayekawia anaonekana amekataa. Basi familia nyingine zinanyamaza mpaka mambo yaharibike kabisa, na nyingine zinaeleza kila kitu, mpaka aliye mbali anaanza kuogopa mlio wa simu yake. Rafiki hana fungu katika pesa hizo. Kwa hiyo yeye ndiye anayepokea ujumbe mfupi wa usiku: niambie ukweli.

Ukweli wa miaka hii, mara nyingi, umekuwa maji. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, unaotoka hapahapa Kalemie na kwenda kujiunga na Lualaba. Mvua zikizidi, ziwa linapanda polepole, na kushuka kwake ni polepole vilevile. Si jambo geni. Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika kwenye Lukuga mwaka 1874 alikuta mto umezibwa na majani na matope. Miaka michache baadaye maji yalizidi nguvu, yakavunja kizuizi hicho, na ziwa likashuka. Lakini mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yaliingia katika nyumba, maduka na bandari, na familia zikahama na magodoro kichwani.

Aliye mbali anajua avenyu alizokimbilia akiwa mtoto. Anajua kiwanda cha nguo cha Filtisaf kilivyokuwa, na treni ya kwenda Kabalo. Hajui kwamba pale alipokuwa akicheza mpira palipita mitumbwi. Familia inasema «maji kidogo». Rafiki anavua viatu, anaingia majini na simu mkononi, anachukua video: huu ulikuwa mlango, hii ilikuwa jiko la mama, ukuta huu ndio uliobaki. Video hiyo inakula mega nyingi, na umeme unapokatika inabidi kutafuta mwenye jenereta wa kuchaji simu. Lakini inafika.

Maji hayana anayelaumiwa. Habari ngumu zaidi ni ya kiwanja, parseli kama wanavyosema wakaaji. Aliye mbali ametuma pesa za matofali miaka mitatu, familia imemtumia picha za ukuta, na rafiki anajua kwamba ukuta wa kwenye picha ni wa jirani. Aseme? Akisema, aliye mbali ataacha kutuma, na wazee walio katika nyumba ile watalala na njaa pamoja na yule mjomba aliyekula pesa. Na yeye mwenyewe ataendelea kukutana na mjomba huyo kanisani, sokoni, kwenye kilio. Asiposema, siku rafiki atakaporudi ataulizwa swali moja tu: wewe ulikuwa wapi? Wengine wanapita katikati. Wanamshauri aliye mbali aombe picha mpya, zenye mtu anayejulikana amesimama mbele ya ukuta. Ni ushauri wa busara, ingawa kila mtu anaelewa maana yake.

Zamani nafasi ya kunong'onezana ilikuwa ndogo. Mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa RCD Agosti 1998, njia ya kwenda Lubumbashi ilikatika, na habari zilipita kwa foni, ile redio ya mawimbi, mbele ya wote waliopanga foleni. Pia kulikuwa na karatasi za Msalaba Mwekundu, ambazo bado zinatumika pasipo na mtandao: hazifungwi katika bahasha, na zinabeba habari za familia tu. Amezaa, amehama, amefariki, tuko hai. Siri ya mjomba haikuwa na njia.

Tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, mazungumzo yamegeuka upande mwingine. Wenye ndugu waliokuwa bado wakingoja Nyarugusu wanauliza kutoka Kalemie kama kuna jipya, na sasa aliye mbali ndiye anayesafisha habari zake. «Tunangoja.» Hasemi kwamba naye analala vibaya.

Kuna habari moja ambayo wazee wa hapa hawataki ipite kwa audio hata leo, na hiyo ni kifo. Facebook imeharibu mengi: watu wamejifunza kwamba mama amekufa kwa kuona picha yake na mshumaa, iliyowekwa na jirani mwenye haraka. Anayefuata desturi hampigii mwenye msiba. Anatafuta kwanza Mkongomani mwingine anayekaa mji uleule, anamweleza, anamwomba aende akaketi naye. Kalemie kunapopambazuka, Texas bado ni usiku, na huenda mtoto wa marehemu yuko kwenye zamu ya kazi, au anaendesha gari kurudi nyumbani. Basi hapa kilio kimekwisha kuanza, mikeka imetandikwa, wanawake wanapika bukari na sombe, na rafiki ameketi pembeni na simu yake, akiangalia saa.