Kurusha Ndege za Mfano Wakati wa Kipupwe: Yanayopaswa Kufahamika Kuhusu Hewa, Betri na Kibali

Na Mwandishi Wetu

Kila mwaka Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa mwelekeo wa hali ya hewa kwa kipindi cha kipupwe, yaani miezi ya Juni hadi Agosti. Taarifa hiyo husomwa na wakulima, wafugaji, wavuvi na wasafirishaji wa majini. Lipo kundi jingine dogo ambalo taarifa hiyo inalihusu moja kwa moja, nalo ni la wananchi wanaorusha ndege za mfano na droni kwa ajili ya burudani. Kwao kipupwe ndio msimu wenyewe: mvua za masika zimekwisha, viwanja vimekauka, na wanafunzi wana likizo ya katikati ya mwaka.

Imezoeleka miongoni mwa warushaji kwamba baridi ni rafiki wa ndege. Kauli hiyo ina ukweli, lakini haijakamilika, na mtu anayeifuata bila kuielewa anaweza kupoteza chombo chake au, jambo lililo baya zaidi, kumjeruhi mtu. Makala haya yanaeleza ni wapi kauli hiyo inasimama na ni wapi inaanguka.

Bawa hubebwa na hewa. Kadiri hewa inavyokuwa nzito ndivyo bawa linavyopata nguvu zaidi ya kunyanyua kwa kasi ileile, na propela nayo hupata kitu cha kushika inapozunguka. Hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya joto, na hapo ndipo penye asili ya kauli hiyo. Tuchukue Jiji la Mbeya, lililo katika mwinuko wa takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ya kipupwe yenye nyuzi joto 10, mita moja ya ujazo ya hewa ya hapo huwa na uzito wa takriban kilo 1.02. Mchana wenye nyuzi joto 25, uzito huo hushuka hadi takriban kilo 0.96. Tofauti hiyo ya karibu asilimia 5 huonekana wazi kwa mrushaji makini: ndege hupaa mapema na hutua kwa upole.

Hata hivyo, Dar es Salaam katika siku ya joto la nyuzi 30 mita hiyohiyo ya ujazo huwa na takriban kilo 1.16. Maana yake ni kwamba hewa ya Mbeya katika asubuhi yake ya baridi bado ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 12 kuliko hewa ya Dar es Salaam katika joto lake. Mwinuko huchukua zaidi ya kile ambacho baridi hurudisha. Ndege iliyorekebishwa na kuzoeleka katika viwanja vya Pwani, ikipelekwa Mbeya, Njombe au Iringa wakati wa likizo, itahitaji kasi kubwa zaidi ili ibebwe na hewa. Kwa mfano huu wa Mbeya ni karibu asilimia 7 zaidi, wakati wa kupaa na wakati wa kutua. Anayeitua kwa kasi aliyoizoea nyumbani ataiona ikilegea na kuanguka ubavu kabla haijagusa ardhi, kisha ailaumu rimoti. Tiba yake ni uwanja mrefu zaidi, kupunguza mzigo, na kwa ndege za umeme, propela kubwa kidogo, kwa mfano ya inchi 11 badala ya inchi 10, huku joto la mota likikaguliwa baada ya safari fupi ya majaribio.

Saa ya kurusha ina uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Katika Nyanda za Juu Kusini usiku wa kipupwe ardhi hupoa sana, na katika maeneo ya juu kama Kitulo sakitu huonekana kwenye majani alfajiri. Hewa baridi hutulia chini na upepo huwa mdogo. Huo ndio muda bora kwa anayejifunza, kwa sharti kwamba hakuna ukungu. Ukungu wa Njombe na Makete unaweza kuitumbukiza ndege ndani yake kwa sekunde chache tu, na ndege ya mfano isiyoonekana kwa macho ya anayeiongoza ni ndege isiyoongozwa. Kusubiri hadi saa 2 au saa 3 asubuhi, ukungu unapoinuka, hakumpunguzii mtu burudani. Baadaye jua linapopasha ardhi, hewa moto huanza kupanda kwa mafungu na ndege nyepesi hutikiswa. Waliobobea katika ndege zisizo na injini huutafuta wakati huo ili hewa hiyo iwainulie chombo. Anayejifunza aukwepe.

Sababu hiyohiyo ya utulivu wa alfajiri ndiyo inayofanya maputo ya hewa moto yanayobeba watalii Serengeti yaruke jua linapochomoza. Puto huelea kwa sababu hewa iliyomo ndani ni moto kuliko ya nje. Asubuhi ikiwa ya baridi, tofauti hiyo hupatikana kwa gesi kidogo zaidi.

Wanaorusha ndege ndogo halisi kwa burudani wana tahadhari yao ya msimu. Katika injini zinazotumia kabureta, petroli inapogeuka mvuke hupoza hewa inayopita, na unyevu uliomo unaweza kuganda kuwa barafu ndani ya kabureta hata pale joto la nje linapofikia nyuzi 20 au zaidi. Ni jambo la kushangaza kwa asiyelijua, kwamba barafu inaweza kuzima injini katika nchi ya tropiki siku ambayo mtu wa chini amevaa shati la mikono mifupi. Hatari huwa kubwa katika hewa yenye unyevu na rubani anapopunguza nguvu ya injini ili kushuka. Swichi ya kupasha kabureta imewekwa kwa ajili hiyo.

Turudi kwenye ndege za mfano, na tushuke Pwani, ambako kipupwe kina sura nyingine kabisa. Huko si msimu wa baridi bali ni msimu wa kusi. Mara kwa mara katika miezi hii TMA hutoa tahadhari ya upepo mkali unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2 kwa ukanda wa Pwani ya Bahari ya Hindi, vikiwemo visiwa vya Unguja na Pemba. Wengi huichukulia tahadhari hiyo kuwa ya wavuvi pekee. Ndege ya kujifunzia iliyotengenezwa kwa foamu huruka kwa kasi ya takriban kilomita 45 kwa saa. Ikielekezwa kwenye upepo wa kilomita 40 itakuwa kama imesimama angani, na betri inakwisha. Ikigeuzwa ifuate upepo, itapita juu ya ardhi kwa kilomita 85 kwa saa, na katika sekunde 20 itakuwa imekwenda karibu nusu kilomita. Kutoka hapo hairudi. Siku hiyo ni afadhali kuwaachia uwanja watoto wenye tiara, ambazo upepo huo ndio uhai wake, ili mradi wasizirushie karibu na nyaya za umeme wala viwanja vya ndege.

Betri nazo zinahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa hapo ndipo baridi inapoacha kuwa rafiki. Ndege nyingi za mfano na droni hutumia betri za lithiamu-polima. Baridi huzuia mwenendo wa kemikali ndani ya betri: uwezo wake hupungua na volti hushuka ghafla mota inapodai nguvu nyingi. Kila seli ikijaa huwa na volti 4.2, na haifai kuachwa ishuke chini ya volti 3 ikiwa kazini. Katika asubuhi ya nyuzi joto 5, betri iliyolala kwenye gari usiku kucha inaweza kufika huko muda mfupi baada ya kupaa, ingawa kipimo kilionyesha imejaa. Njia rahisi ni kuiweka betri ndani ya koti, karibu na mwili, hadi dakika ya kuifunga kwenye ndege, na kupunguza muda wa kuruka. Aliyezoea dakika 8 aweke saa yake ilie dakika ya 6.

Kuchaji kuna hatari zaidi. Betri ya aina hii haichajiwi ikiwa kwenye joto la chini ya nyuzi 0, kwa sababu lithiamu hujikusanya mahali pasipostahili ndani ya seli na kuweza kusababisha hitilafu ya umeme baadaye. Kwa hiyo aliyetoka uwandani asubuhi yenye sakitu aiache betri ipate joto la chumba kwanza. Aidha, betri iliyovimba au iliyogongwa haichajiwi kamwe. Moto wake ni mkali, na moshi wake una sumu. Kuchaji kufanyike mtu akiwapo, juu ya kitu kisichoungua kama sakafu ya saruji, mbali na godoro na mapazia. Tabia ya kuchomeka betri usiku na kwenda kulala, iliyoenea kutokana na mazoea ya simu, haifai hata kidogo kwa betri hizi.

Wanaosafiri kwa ndege za abiria na betri hizo wakumbuke kwamba betri za akiba hubebwa kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye begi linalokabidhiwa, na ncha zake hufunikwa ili zisigusane. Kiwango kinachokubalika bila idhini ya shirika la ndege ni wati-saa 100 kwa betri moja. Betri ya volti 11.1 yenye ampea-saa 2.2 ina wati-saa 24 na kidogo, hivyo iko ndani ya kiwango.

Suala la kibali ndilo linalozua maswali mengi. Anga la nchi, lile la chini likiwemo, lina msimamizi, naye ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Usafiri wa anga ni jambo la Muungano, kwa hiyo mamlaka hayo yanafika Zanzibar pia. Msingi wake ni wa zamani: Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, katika Ibara ya 8, ulikwishaweka kwamba chombo kisicho na rubani hakiruki juu ya nchi bila idhini maalumu ya nchi hiyo. Hapa nchini zipo kanuni za mwaka 2018 zinazosimamia ndege zinazoongozwa kutoka mbali, ambazo wengi huziita droni au ndege nyuki.

Husikika mtu akisema, "Yangu si droni, ina mabawa na nimeitengeneza mwenyewe." Hoja hiyo haimlindi. Kinachotazamwa ni kwamba chombo kimo angani na anayekiongoza yuko chini, si umbo lake wala kwamba kilinunuliwa dukani. Mwenye ndege ya mfano asijiamulie mwenyewe kwamba hahusiki. Aiulize TCAA kuhusu usajili, kibali na masharti ya mahali anapokusudia kurushia. Vilevile aulize kabla ya kununua au kuagiza kutoka nje, kuliko kuuliza wakati mzigo umekwishafika na kuzuiliwa. Kwa hifadhi za taifa ruhusa ya kuingia na kamera haimaanishi ruhusa ya kurusha. Idhini yake huombwa mahsusi na mapema.

Masharti hayo hayakuwekwa ili kuwabughudhi wenye burudani. Ndege ndogo za doria za hifadhini na zile zinazobeba wagonjwa hutumia viwanja vya vumbi na majani, na hushuka chini mahali ambapo mwananchi hakutarajia kuona ndege. Rubani hawezi kuiona ndege ya mfano yenye upana wa mita moja na nusu kwa wakati unaotosha kuikwepa. Hata palipo mbali na viwanja vya ndege, uzito una hesabu yake: ndege ya kilo 2 inayokwenda kilomita 60 kwa saa humgonga mtu kwa nguvu sawa na kitu cha kilo 2 kilichodondoka kutoka mita 14, ambao ni urefu wa jengo la ghorofa nne hivi. Kwa sababu hiyo hairushwi juu ya mikusanyiko ya watu, na kabla ya kupaa kifaa cha kupokea mawimbi hupangwa ili mota izime yenyewe iwapo mawasiliano na rimoti yatakatika.

Kwa watoto, na kwa wazazi wasio na fedha ya kununua mota na betri, yapo yanayoweza kufanyika ndani ya bwalo la shule asubuhi ambayo nje kuna ukungu. Foamu nyeupe inayofungiwa televisheni, ikikatwa kwa wembe na mtu mzima, hutoa ndege nzuri ya kurusha kwa mkono. Siri iko kwenye mizani: uzito wote ukae kwenye sehemu iliyo kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wake wa mbele. Kipande cha udongo wa mfinyanzi puani hutosha kuirekebisha. Mwaka 1871 Mfaransa Alphonse Pénaud alirusha mjini Paris ndege ya mfano iliyozungushwa propela kwa mpira uliosokotwa, ikaenda mita 40 kwa sekunde 11, miaka 32 kabla ya ndugu Wright kupaa na ndege yenye injini. Ndugu hao wenyewe walianza udadisi wao utotoni kwa kitu cha kuchezea cha aina ya Pénaud walicholetewa na baba yao.

Kipupwe kikiisha, kuanzia Septemba, maeneo ya kati kama Dodoma huwa makavu na yenye joto, na chamchela za vumbi hutokea adhuhuri bila dalili. Warushaji wa huko hurejea kwenye ratiba ya alfajiri, na wanaohifadhi betri hadi msimu mwingine huziacha zikiwa na volti 3.8 kwa kila seli, si zikiwa zimejaa.