Je, Wajua? Waliochorwa na Wanaongoja Kuchorwa

Je, wajua kwamba ile michoro inayochukua nafasi ya nembo ya Google siku za kumbukumbu ilianza kama taarifa ya kuaga? Agosti 30, 1998, waanzilishi wa kampuni hiyo, Larry Page na Sergey Brin, walikuwa safarini kwenda tamasha la Burning Man katika jangwa la Nevada, Marekani. Wakachomeka kijitu cha vijiti nyuma ya herufi “o” ya pili, watu wajue kwamba wenyewe hawapo ofisini. Miaka miwili baadaye kijana mmoja wa pale, Dennis Hwang, akapewa kazi ya kuchora mchoro wa sikukuu ya Wafaransa ya Julai 14, na tangu hapo shughuli haikusimama. Michoro hiyo huitwa Doodle, na sasa inahesabika kwa maelfu. Kijana wa Mtwara akifungua simu asubuhi kabla ya kwenda Chuno sokoni, hiyo ndiyo kalenda ya kwanza anayoiona.

Je, wajua kwamba wa kwetu wamo? Septemba 5, 2011 alichorwa mwanamuziki Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Siku hiyo angetimiza miaka 65. Februari 6, 2013 ilikuwa zamu ya Mary Leakey, miaka 100 tangu azaliwe. Kikosi chake ndicho kilichofukua nyayo za Laetoli, kule Ngorongoro, mwaka 1978: nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka zaidi ya milioni 3.6 iliyopita. Aprili 1 ya mwaka huohuo wa 2013 akafuata Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya. Juni 12, 2019 akachorwa Margaret Ogola, daktari wa watoto wa Kenya aliyeandika riwaya iliyosomwa shuleni kwa miaka mingi.

Tazama vizuri orodha hiyo. Wote wanne wana kitu kimoja: siku ya kuzaliwa iliyoandikwa mahali. Mchoraji huanza na tarehe. Asiyekuwa na tarehe hubaki nje ya mlango, hata kama kazi yake ilitikisa nchi.

Je, wajua kwamba Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama wa pwani ya Kenya aliyewaongoza watu wake kuwakataa Waingereza mwaka 1913 na 1914, naye alichorwa, mwezi wa Agosti 2020? Siku aliyozaliwa haikuandikwa popote. Lakini Wagiriama hukutana Malindi kila Agosti kumkumbuka, wakicheza na kusimulia. Hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Walikuwa na desturi ya kukutana, na desturi hiyo ikawa tarehe. Hili mimi naliona kubwa kuliko mchoro wenyewe.

Sasa tuje nyumbani.

Je, wajua kwamba Machi 1866 mmisionari David Livingstone alishukia pwani yetu, Mikindani, akaanza safari ambayo hakurudi tena? Nyumba moja pale Mikindani ina kibao cha kumkumbuka, na wageni hupiga picha mbele yake. Pamoja naye alishuka kijana wa Kiyao aitwaye Chuma, aliyekombolewa kutoka kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa mtoto, na Abdullah Susi wa Shupanga, Msumbiji. Livingstone alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, Chuma na Susi ndio waliowaongoza wenzao kuukausha mwili, kuufunga na kuubeba kwa miezi kadhaa mpaka Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Bila wao, shajara za safari ile zingeozea porini. Livingstone tunajua alizaliwa Machi 19, 1813. Chuma je? Tunajua alifariki Unguja mwaka 1882, basi. Ningekuwa mchoraji, ningemchora yeye akishuka jahazini Mikindani, mbele kabisa, na Mzungu nyuma yake.

Je, wajua kwamba Wamakonde walikuwa na michoro yao ya heshima kabla ya umeme kufika Kusini? Hiyo ni mapiko. Lipiko huchongwa kwa mti mwepesi na kuvaliwa kichwani kama kofia, na mchezaji huona kupitia kinywa cha sura hiyo. Fundi huibandika nywele za kweli za binadamu, na chale za usoni huzifanya kwa nta ya nyuki. Mapiko hutoka jandoni na unyagoni, wazee waliokufa wakarudi kuwapokea watoto waliokua. Lakini fundi hakuishia kwa mizimu. Alichonga pia sura za watu wa wakati wake: mkuu wa wilaya wa kikoloni, mfanyabiashara wa Kihindi, askari, na baadaye viongozi wa ukombozi. Kijiji kizima kilimtambua mtu kabla ngoma haijafika katikati. Kumtoa mtu kwenye lipiko ni kusema: huyu hatumsahau, kwa wema au kwa ubaya wake.

Lipiko moja lina historia ya kuumiza. Liliibwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, likanunuliwa mwaka uliofuata na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva, Uswisi. Tanzania ililidai kwa miaka mingi. Likarejeshwa Mei 2010, baada ya miaka 26.

Na mwezi uleule, Mei 12, 2010, Marais Jakaya Kikwete wa Tanzania na Armando Guebuza wa Msumbiji walifungua Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720 kuvuka Mto Ruvuma pale Mtambaswala. Wamakonde wa ng'ambo zote mbili ni ndugu. Mpaka uliwakuta pale walipo.

Je, wajua kwamba Edward Saidi Tingatinga ni mtoto wa Tunduru, bonde hilihili la Ruvuma? Mwaka wa kuzaliwa kwake hutajwa 1932, siku haitajwi. Alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga, akahamia Dar es Salaam, na mwaka 1968 akaanza kuchora kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya vipande vya hadibodi vya mraba, upande mmoja kama sentimita 60. Chui, tembo, ndege, nukta juu ya nukta. Aliwafundisha vijana wachache wa ukoo na wa kwao Kusini. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Alichora kwa miaka minne tu! Leo jina lake ni jina la mtindo mzima, na mtalii anayenunua picha barabarani Nungwi anasema “tingatinga” bila kujua kwamba lilikuwa jina la mtu.

George Lilanga naye: 1934, Kikwetu, Masasi. Mchonga vinyago wa Kimakonde aliyeajiriwa kama mlinzi Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, akaonyesha kazi zake, na kabla ya kufariki mwaka 2005 mashetani yake yenye masikio makubwa na rangi za kuchangamka yalikuwa yameshaonyeshwa Marekani na Ulaya. Siku ya kuzaliwa? Hutajwa mwaka peke yake.

Kwa harakaharaka, hizi hapa tarehe nyingine za kwetu zinazostahili mchoro. Novemba 12, 1938: Benjamin William Mkapa anazaliwa Lupaso, Masasi, mhariri wa magazeti, kisha Rais wa awamu ya tatu, naye amelala palepale Lupaso tangu Julai 2020. Mei 24, 1975: Samora Machel anaanza safari yake ya ushindi kutoka Ruvuma kwenda Maputo, mwezi mmoja kabla ya uhuru wa Msumbiji. Mwaka 2000: Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma inaanzishwa, kilomita za mraba 650 za mikoko, matumbawe na fukwe za kasa.

Je, wajua kwamba Mtwara ina tamasha la ngoma liitwalo MaKuYa, jina lililounganishwa kutoka Makonde, Makua na Yao? Hapo ndipo tungejifunza kwa Wagiriama. Kila msimu litajwe jina la mtu mmoja wa Kusini, achongwe, achorwe, picha irushwe mtandaoni na vijana wetu wenyewe. Miaka mitatu ya kufanya hivyo tayari ni kalenda.

Na wewe msomaji, ukienda kumwamkia bibi Nanyamba, Msimbati au Naliendele, usimuulize “ulizaliwa lini”. Atakujibu mwaka wa njaa au mwaka wa mvua kubwa. Muulize alikuwa mkubwa kiasi gani mpango wa karanga wa Waingereza ulipokufa Nachingwea, 1951. Kama alikuwa anatembea bandari ya Mtwara ilipokamilika, 1954. Kama alishachezwa unyago bendera ya Uhuru ilipopanda, 1961. Kama alikuwa na mtoto mgongoni wakimbizi wa Msumbiji walipoanza kuvuka mto, 1964. Na alipozaliwa, mvua za masika zilikuwa zimeanza, au korosho zilikuwa zinaanguka? Kwa maswali manne utaupata mwaka, na kwa la tano utaupata mwezi. Mpige picha hapohapo kibarazani, uandike jina lake kamili, la baba yake na la kijiji, kisha uwape wajukuu wote nakala.