Usonji Kabla ya Cheti

Mwaka 1997 Tim Page, mhakiki wa muziki wa gazeti la Washington Post, alitwaa tuzo ya Pulitzer. Tangu utotoni alijiona mgeni miongoni mwa watu, asijue sababu. Aliijua mwaka 2000, akiwa na miaka 45: Asperger, hali ambayo leo huhesabiwa ndani ya usonji. Kitabu chake cha 2009, Parallel Play, kinasimulia hasa miaka ile ya gizani.

Page aliandika baada ya kuthibitishwa; wapo wanaoandika kuhusu usonji wao bila kumngoja daktari. Si wote wanaokurupuka. Baadhi hujipima kwanza kwa hojaji ya dalili za usonji iitwayo AQ, yenye maswali 50, iliyotolewa mwaka 2001. Hiyo huashiria tu, haithibitishi. Kuthibitishwa ukubwani kunataka mtaalamu, pesa, na mara nyingi mzazi anayekumbuka utoto wako.