Kushika Njia ya Wimbo Ngoma Inapopigwa Peke Yake

Wasikilizaji wengi wa muziki wa jazi, pindi wapigaji wengine wanapoteremsha ala zao na kumwachia mpiga ngoma uwanja, hudhani kwamba wimbo umekatika, na kwamba mbele yao sasa hapana ila maonyesho ya wepesi wa mikono yatakayokwisha mpigaji atakapochoka. Basi huanza kuzungumza wakati ule ule ambapo wimbo unayahitaji masikio yao kuliko wakati wowote. Aghalabu wimbo haukukatika hata kidogo. Unakwenda kwa urefu wake na sehemu zake zote, ila sauti yake imeondolewa, nao waliosimama kimya jukwaani wanaufuata moyoni hatua kwa hatua, kwani hawana budi kuingia tena wote pamoja kwa pigo moja.

Nyimbo nyingi walizozizoea wanajazi wa Marekani zina vipimo 32, kila kipimo mapigo manne, nazo hugawanyika sehemu nne za vipimo vinane vinane: ya kwanza na ya pili zafanana, ya tatu huja na lahani ngeni, na ya nne huirudia ile ya kwanza. Kwa maelezo jambo hili ni jepesi. Lakini wimbo ukifika mwisho huanzwa upya papo hapo bila ya kituo, hivi kwamba sehemu ya nne hufuatwa na ya kwanza na ya pili za mzunguko mpya, na msikilizaji hujikuta ndani ya vipimo 24 vya lahani ile ile, asijue yuko katika sehemu ipi kati ya hizo tatu. Hapo ndipo wanapopotea hata wapigaji wenye uzoefu. Aliyepotea na aingoje kwa subira ile sehemu ya lahani ngeni, ambayo mpiga ngoma mwema huitofautisha kwa kuhamia ngoma nyingine au toazi jingine, badala ya kubahatisha na kuingia kabla ya wakati.

Kuhesabu kwa vidole hakufai sana. Mpiga ngoma hodari hupenda kulitia pigo lake zito baina ya mapigo mawili, au kuivuka mipaka ya sehemu bila ya kuiwekea alama, na mwenye kutegemea hesabu tupu huvutwa na pigo hilo akaanza kuhesabu mahali pasipo pake. La salama zaidi ni kuuimba wimbo wenyewe moyoni, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa mwendo ule ule uliokuwapo kabla ya ngoma kubaki peke yake. Lahani ina kumbukumbu ambayo nambari hazina: kila sauti yaidai inayofuata.

Anayetaka kujizoeza na aanze na "Take Five", utungo wa Paul Desmond uliorekodiwa na kundi la Dave Brubeck mwaka 1959. Una mapigo matano katika kila kipimo, na Joe Morello anapozipiga ngoma zake, piano ya Brubeck hairudi nyuma wala haibadiliki. Yarudia fungu lile lile fupi, mapigo matatu kisha mawili, huku Morello akiacha vituo virefu vya kimya na kuvijaza atakapo. Akishamzoea huyo, na amsikilize Max Roach katika "The Drum Also Waltzes" ya mwaka 1966, ambamo hamna ala nyingine yoyote: miguu yake ndiyo inayoshika zamu, ngoma kubwa kwa pigo la kwanza na matoazi ya mguu kwa la pili na la tatu, na mikono juu yake ikisema na kujijibu. Nauona utungo huo kuwa darasa bora kuliko mengi yafundishwayo kwa maneno.

Wahindi wamelitatua jambo hili la kupotea kwa adabu yao. Alla Rakha, aliyerekodi sahani pamoja na Buddy Rich wa Marekani mwaka 1968, na mwanawe Zakir Hussain, walipopiga tabla peke yao waliwekewa lahani fupi ya sarangi, ala ya nyuzi, au kinanda cha mvukuto, irudiwayo bila ya kubadilika katika mzunguko wa mapigo 16. Hata hadhira huushika mzunguko huo kwa viganja: hupiga kofi pigo la kwanza, la tano na la 13, na katika la tisa hupunga mkono mtupu. Kisha mpigaji hulileta fungu moja la mapigo mara tatu mfululizo, akilipima ili pigo la mwisho kabisa liangukie juu ya pigo la kwanza la mzunguko. Na aliyeifuata lahani bila ya kupotea hulitambua tangu fungu la pili, huwa ameshauinua mkono wake tayari kwa kofi.