Nyoka wa Nyumba, Mlinzi wa Ghala

Wahenga walinena kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Hofu hiyo hatuilaumu. Sumu ya nyoka huua na kulemaza watu wengi barani Afrika kila mwaka, hata mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani likaitia katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyopuuzwa. Hata hivyo, hofu isiyochagua huangamiza adui na rafiki pamoja. Mmoja wa marafiki hao ni nyoka wa nyumba, ambaye wataalamu humwita Boaedon.

Nyoka huyu hupatikana katika sehemu nyingi za Afrika kusini ya Sahara, Afrika Mashariki ikiwa mojawapo. Rangi yake ni ya kahawia au nyeusi, magamba yake ni laini yenye kung'aa, na wengi wao wana mistari hafifu kichwani. Jike humzidi dume kwa ukubwa, naye aweza kupita urefu wa mita 1. Hutaga mayai yapatayo 10 mahali penye unyevu, kisha huyaacha. Watoto huanguliwa baada ya miezi 2 au 3, nao hujitafutia chakula wenyewe.

Mchana hujificha chini ya mawe na magogo. Usiku hutoka kuwinda. Kinachomvuta karibu na makazi yetu si binadamu, bali ni panya. Kwa kuwa hana sumu, humkamata panya kwa meno, akamviringa na kumbana mpaka afe, ndipo ammeze mzima. Huingia hata katika mashimo asimofika paka, akala na vitoto viliomo.

Mkulima ajuaye hasara ya panya ghalani atatambua thamani ya kazi hiyo. Tena panya hubeba viroboto wawezao kueneza tauni.

Je, tumshike kwa mikono? La, hasha! Gizani si rahisi kumtofautisha na nyoka wenye sumu, kama vile swila. Tuonapo nyoka yeyote, na tujitenge naye, tuwaondoe watoto, na tumpe njia ya kwenda zake. Aumwaye akimbizwe hospitali bila kukawia. Lakini kumfuata kwa marungu nyoka anayejiendea porini ni kujitia hatarini bure, na pengine ni kumwua mlinzi wa chakula chetu wenyewe.