Mhakiki na Watazamaji: Nani Amekosea?

Filamu ikipendwa na watu huku wahakiki wakiiponda, huulizwa swali lilelile: nani amekosea? Wengine hujibu kwamba uhakiki hauna kazi tena, kwa sababu tiketi zimekwisha kutoa hukumu. Wengine husema umati haujui sanaa. Majibu yote mawili yanamchukulia mhakiki kama hakimu. Sisi tunaosoma lugha tuna njia nyingine ya kuitazama kazi yake.

Tuchukue mfano unaojulikana katika historia ya sinema. Mwaka 1967 ilitoka nchini Marekani filamu ya Arthur Penn iitwayo Bonnie and Clyde, juu ya wanyang'anyi wawili wa benki waliouawa na polisi mwaka 1934. Bosley Crowther, aliyekuwa mhakiki wa gazeti la New York Times kwa zaidi ya miaka 25, aliishambulia zaidi ya mara moja. Aliona kwamba inageuza mauaji kuwa kichekesho na kuipotosha historia. Wasomaji wengi waliliandikia gazeti hilo barua za kuitetea.

Joseph Morgenstern wa gazeti la Newsweek naye aliiponda. Kisha akarudi kuitazama katika ukumbi uliojaa watu, akaandika uhakiki wa pili na kukiri kwamba wa kwanza ulikuwa na makosa. Mwezi Oktoba Pauline Kael akatoa makala ndefu katika The New Yorker. Hakuishia kusema kwamba filamu ni nzuri. Alieleza namna inavyomfanya mtazamaji acheke pamoja na wanyang'anyi, halafu kicheko kinamkwama kooni damu inapomwagika.

Tuwalinganishe watu hawa na wale wanaoshughulika na lugha. Mtu wa Lubumbashi husema « batu » na « batoto ». Msahihishaji atamwambia amekosea, aseme « watu » na « watoto ». Mtafiti wa lugha ataona kwanza kwamba kiambishi ba- kinarudi kwa utaratibu, hakikuja kwa bahati mbaya. Lakini hatamwachia msemaji kazi ya kuandika sarufi. Msemaji anajua kusema, akiulizwa kwa nini anasema hivyo, mara nyingi atajibu tu: « Ndivyo tunavyosema. » Usemi wake ni data. Kuueleza ni kazi nyingine.

Ndivyo ilivyo katika ukumbi wa sinema. Kicheko, kimya na machozi ya watazamaji ni data ambayo mhakiki hana haki ya kuitupa. Crowther alikuja na kipimo chake tayari, na kila kilichokizidi kipimo hicho akakiona kuwa kosa. Morgenstern alirudi kwenye data. Kael alifanya hatua ya tatu: aliieleza.

Hapa mtu anaweza kupinga: je, basi mhakiki awe mtumwa wa umati? Hapana. Wingi wa watu unathibitisha kwamba filamu imewagusa. Hauthibitishi kwamba imewagusa kwa njia ya haki. Filamu inaweza kuchekesha ukumbi mzima kwa kulidhalilisha kabila moja, na kicheko hicho nacho kinahitaji kuelezwa, kisha kuhukumiwa. Hata swali la Crowther kuhusu mauaji yanayofurahisha halikuwa swali la kipuuzi. Udhaifu wake ulikuwa kutoa hukumu kabla ya kueleza kile ambacho watu walikuwa wanakiona.

Kwa hiyo uhakiki mzuri haupimwi kwa kuangalia kama umekubaliana na watazamaji. Upimwe kwa swali hili: msomaji aliyeipenda filamu, akisoma uhakiki unaoipinga, anapata kitu cha kushika? Akionyeshwa tukio fulani, picha fulani, jibizano fulani, anaweza kurudi kuitazama filamu na kubisha kwa hoja. Akiambiwa tu kwamba hana ladha, mazungumzo yamekufa.

Wengi wetu tutaandika juu ya filamu, vitabu na nyimbo, katika jarida hili au kwingineko. Tunajua uchungu wa kuambiwa kwamba lugha ya nyumbani kwetu ni mbovu na mtu ambaye hajaisikiliza. Tusimfanyie mtazamaji hivyo. Tukae kwanza naye ukumbini, tusikilize anapocheka, ndipo tuchukue kalamu.