Uwanja wa Wote Usipoandikwa Hupotea

Kila kijiji kina mahali ambapo si pa mtu mmoja. Huku ziwani, Lituhi, Liuli au Mbamba Bay, mahali hapo ni mchanga wa ufukweni. Watoto hucheza mpira hapo, akina mama huanika dagaa, wavuvi hushona nyavu, na wazee hupunga upepo jioni. Kule milimani kwa Wamatengo, mahali hapo huwa ni uwanja wa shule, au penye kivuli karibu na ghala la chama cha ushirika. Watu wa mjini wangepaita bustani ya mapumziko, au eneo la wazi. Sisi tupaite uwanja wa wote.

Wengine watasema: "Bustani ya nini huku kwetu? Hayo ni mambo ya Dar es Salaam. Sisi tuna milima, tuna ziwa, tuna pori. Nafasi tele!" Maneno hayo tusiyapuuze. Tuyajibu.

WATU WAMEONGEZEKA, ARDHI HAIKUONGEZEKA

Sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12 na kidogo. Sensa ya 2022 ilihesabu milioni 61 na zaidi. Yaani pale alipokuwa mtu mmoja, sasa wako watano. Wote wanataka nyumba, shamba na mti wa kuni. Ardhi ni ile ile.

Hapa kwetu iko pia barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa 66. Barabara ni heri kubwa. Lakini penye barabara nzuri, viwanja vya kando yake na vya ufukweni hutafutwa na watu wengi, wenyeji na wageni.

Tena tukumbuke jambo moja. Kuona majani mabichi siyo sawa na kuwa na mahali. Shamba la kahawa la jirani linapendeza, lakini mtoto akicheza humo atafukuzwa, na ni haki afukuzwe. Mtoto huyo atakwenda wapi? Atacheza barabarani penye magari.

Uwanja wa wote hauondoki kwa siku moja. Leo mtu anajenga kibanda pembeni. Mwakani anazungusha uzio. Mwaka wa tatu anasema, "Hapa ni pangu, nimekaa siku nyingi." Mkitafuta karatasi ya kumjibu, hamna. Mambo yamekwisha.

KARIBU NI KIASI GANI?

Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, ambalo ofisi yake kuu iko Nairobi, linapima hivi: mtu wa mjini awe na uwanja wa wote usiozidi meta 400 kutoka kwake. Huo ni mwendo wa dakika tano, yaani hatua 500 na kitu za mtu mzima.

Lakini nchi ya Mbinga ina miinuko mikali. Dakika tano za kuteremka zinaweza kuwa robo saa ya kupanda. Kwa hiyo sisi tusipime kwa miguu ya kijana. Tupime kwa miguu ya bibi mwenye mkongojo, na ya mama mwenye mtoto mgongoni. Tumkumbuke na mwenzetu anayetembelea baiskeli ya magurudumu matatu. Wakifika bila taabu, na wakarudi nyumbani bila taabu, basi uwanja uko karibu.

Kwa sababu hiyo, viwanja vidogo vingi ni bora kuliko kimoja kikubwa kilicho mbali. Wazee wa Kimatengo walilijua jambo hili katika kilimo cha ngoro. Hawakuchimba shimo moja kubwa kwa mlima mzima. Walichimba mashimo mengi, kila moja likashika maji ya mahali pake. Na kila kitongoji kiwe na uwanja wake, hata kama ni kivuli cha miembe miwili na mahali tambarare pa kukaa.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya 1999, inagawa ardhi ya kijiji katika mafungu matatu: ardhi ya jumuiya, yaani ya wote, ardhi ya watu binafsi na jamaa zao, na ardhi ya akiba. Halmashauri ya Kijiji hupendekeza sehemu zitakazokuwa za wote, na kwa kazi gani. Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa. Sehemu zilizokubaliwa huandikwa katika daftari la ardhi ya jumuiya.

Mkutano Mkuu ni nani? Ni mimi na wewe. Ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi, mwanamke kwa mwanamume. Halmashauri haina ruhusa ya kumgawia mtu ardhi ya kijiji kabla Mkutano Mkuu haujakubali.

Kwa watu wa ziwani iko sheria nyingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bahari. Meta 60 ni kama hatua 80. Hesabu mwenyewe kutoka majini.

WENZETU WALIFANYAJE?

Nairobi wana uwanja wao mkubwa, Uhuru Park. Mwaka 1989 ulitangazwa mpango wa kujenga humo jumba la ghorofa 60. Mama mmoja, Wangari Maathai, aliandika barua nyingi kuupinga. Alitukanwa, akaambiwa hajui kitu. Hakunyamaza, na watu wakamuunga mkono. Mwisho mpango ule uliachwa, na bustani ikabaki. Mwaka 2004 mama huyo alipata Tuzo ya Amani ya Nobel. Silaha yake ya kwanza katika ugomvi ule ilikuwa kalamu. Nasi tuliosoma kisomo tunayo.

TUFANYE NINI?

1. Tuhesabu hatua. Kila kitongoji kipime umbali kutoka nyumba ya mwisho kabisa mpaka mahali pa wote.

2. Tuombe jambo hili liingie katika ajenda. Mkutano Mkuu hupaswa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Mwoneni Mwenyekiti na Ofisa Mtendaji mapema.

3. Mkutano ukikubali, tuhakikishe imeandikwa: jina la mahali, ukubwa, mipaka na kazi yake. Muhtasari usomwe mbele ya watu.

4. Tupande miti mipakani, na miti ya kivuli ndani.

5. Tutunge sheria ndogo, zipelekwe Halmashauri ya Wilaya zikubaliwe. Wapatanisheni watumiaji. Kwa mfano, dagaa zikianikwa juu ya vichanja badala ya mchangani, zinakuwa safi, na watoto wanapata nafasi.

6. Milimani, ambako mahali tambarare ni haba, kamati ya shule iombwe kufungua uwanja jioni baada ya masomo.

Wale wa Mbinga mjini na Mbamba Bay waende ofisi ya mipango miji waulize: maeneo ya wazi katika ramani ya mtaa wetu ni yapi? Kisha waende wakayaone kwa macho, maana ramani inaweza kuonyesha bustani mahali ambapo leo pana duka.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Uwanja wa wote ni mali. Tuuandike kungali mapema.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kitongoji chenu, ni nani anayeishi mbali zaidi na uwanja wa wote? Anatembea dakika ngapi?

2. Je, uwanja huo umeandikwa katika daftari la kijiji? Nani amewahi kuliona daftari hilo?

3. Nani wanautumia uwanja asubuhi, na nani jioni? Nani hana nafasi hapo?